Pumzi na Mwili Mzima

Masomo ya Redio kwa Watu Wazima: Historia

   Kama ilivyo desturi yetu, somo hili limepigwa chapa ili mpate kulisoma polepole baada ya kulisikia. Asiyeweza kulimaliza kwa siku moja asione haya. Na alisome kwa siku tatu.

Kabla sijaanza, nataka ufanye jambo dogo. Kaa vizuri. Weka kiganja chako juu ya tumbo. Sasa vuta pumzi, uitoe, uivute tena, uitoe. Fanya hivyo mara tatu bila haraka.

(Mwalimu wa darasa: nyamaza kidogo hapa, uwape wanafunzi nafasi.)

Umeona nini? Hewa imeingia puani, lakini tumbo ndilo lililoinuka. Pengine na mabega yako yamesogea. Pengine umesikia mgongo umelegea kidogo. Basi nakuuliza: pumzi iko wapi? Iko puani inapoingilia? Iko kifuani? Au iko mwili mzima?

Waweza kudhani ni swali la kitoto. Lakini swali hilo limewashughulisha watu wenye elimu kubwa katika nchi za Asia kwa muda wa miaka zaidi ya 2,000, nao hawakupatana. Leo tutafuata historia yake, tuone lilivyoanza, na kwa nini mtu mmoja mgonjwa, aliyekuwa msituni mbali na daktari, alilijibu kwa njia yake.

Neno moja kwanza. Katika madarasa yetu mna Waislamu, mna Wakristo, na mna wanaofuata mila za wazee wao. Somo hili halimwiti mtu kuingia dini nyingine. Tunasoma historia ya Wabuddha kama tunavyosoma habari za Misri ya kale au za Warumi, ili tujue binadamu wenzetu walifikiri nini.

Tena watu hao si wageni kwetu kabisa. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa Afrika Mashariki waliokuwa katika jeshi la Keya walivuka bahari wakafika Ceylon, na mwaka 1944 wakapigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Hizo zote ni nchi za Wabuddha. Ceylon ilibadili jina mwaka 1972 ikaitwa Sri Lanka, na Burma ikaitwa Myanmar mwaka 1989. Wazee wetu wengi wa Keya wamekwisha kututoka. Ikiwa wewe ni mjukuu wa mmoja wao, huenda uliwahi kusikia habari za watu walionyoa vichwa, waliovaa nguo za manjano, wapitao asubuhi kwa mstari mmoja na mabakuli mikononi. Hao ni watawa wa dini ya Kibuddha. Hata Dar es Salaam liko hekalu lao, lililoanzishwa na watu waliotoka Ceylon.

Maneno yenyewe

Tuanze na lugha yetu. Tazama maneno matatu: pumzi, pumua, pumzika. Yote ni ndugu, yametoka tumbo moja. Mtu aliyechoka tunamwambia apumzike, yaani atulie mpaka pumzi yake irudi mahali pake. Mtu akifa tunasema amekata roho. Na neno hilo roho tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako ni jamaa ya neno la upepo. Basi hata sisi, bila kwenda shule, twajua kwamba pumzi na uhai vinakwenda pamoja.

Watu wa India ya kale walijua vivyo hivyo. Katika vitabu vyao vitakatifu vya zamani kabisa liko neno prana, nalo ni pumzi, na tena ni uhai. Baadaye wenye hekima wao waliigawa prana mafungu 5, kila fungu na kazi yake mwilini: moja huingia na kutoka, moja hushuka chini, moja hupanda juu, moja husaga chakula, na moja huenea katika viungo vyote. Kumbuka habari hii, maana tutairudia.

Mtu aliyezuia pumzi

Katika nchi hiyo alizaliwa mtoto wa ukoo wa watawala, jina lake Gautama. Mahali alipozaliwa, Lumbini, pamo leo katika nchi ya Nepal. Wanahistoria wanayaweka maisha yake katika karne ya 6 au ya 5 kabla ya Kristo. Alipokuwa kijana aliiacha nyumba yake, mke wake na mtoto wake, akaenda kutafuta jibu la swali moja: kwa nini binadamu wateseka, na je, mateso yana mwisho?

Wakati ule India ilikuwa na watu wengi waliojitesa miili yao kwa kutafuta utakatifu. Gautama alifuata njia hiyo kwa miaka. Alipunguza chakula mpaka mbavu zikahesabika. Na jambo linalotuhusu leo ni hili: alijaribu kuizuia pumzi. Alifunga mdomo na pua, asivute wala asitoe. Masimulizi ya Wabuddha yanasema upepo ukavuma masikioni mwake kama mivukuto ya mhunzi. Kichwa kikamuuma kama kilichofungwa kwa mshipi wa ngozi na kukazwa. Tumbo likamkata. Mwisho akaona kwamba hakupata kitu ila maumivu, akaiacha njia ile.

Akala chakula, akapata nguvu, akakaa chini ya mti mahali paitwapo leo Bodh Gaya. Wabuddha wanaamini kwamba hapo ndipo alipoamka akaiona kweli. Kwa sababu hiyo anaitwa Buddha, maana yake Aliyeamka.

Baada ya hapo alifundisha kwa miaka mingi, na katika mafundisho yake pumzi ilirudi. Lakini sasa haikuzuiwa. Katika fundisho moja mashuhuri, ambalo husemekana alilitoa usiku wa mwezi mpevu karibu na mji wa Savatthi, aliwaeleza watawa hatua 16 za kutafakari kwa pumzi. Mtu na aende penye utulivu, msituni au chini ya mti, akae, anyoshe mgongo, kisha aiangalie pumzi yake tu. Ikiwa ndefu, ajue ni ndefu. Ikiwa fupi, ajue ni fupi. Hizo ni hatua mbili za kwanza. Hatua ya tatu ni kujizoeza kupumua huku akiutambua mwili mzima. Hatua ya nne ni kuituliza pumzi. Hatua 12 zilizobaki zinahusu hisia, moyo, na kujua kwamba kila kitu hupita.

Shika sana hatua ya tatu. Kuutambua mwili mzima. Mwalimu wa darasa, tafadhali uandike ubaoni maneno hayo mawili: MWILI MZIMA. Vita vyote vya leo vimo humo.

Kutoka mdomoni hadi jani

Buddha hakuandika kitabu. Wanafunzi wake waliyashika maneno yake kwa moyo, wakayakariri kwa pamoja, kundi kwa kundi, kama wanavyokariri watoto chuoni. Alipokufa, wakaendelea. Mwalimu alimpa mwanafunzi, naye akampa wa kwake, kwa muda wa miaka mia kadha. Lugha waliyoishika inaitwa Kipali.

Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, kisiwa cha Ceylon kiliingiwa na vita na njaa. Watawa wengi walikufa. Waliobaki wakaona hatari: fundisho lililokaa katika vichwa vya watu hufa pamoja na watu hao. Basi wakakutana, wakaandika yote juu ya majani makavu ya mti wa jamii ya mvumo, wakichora herufi kwa ncha ya chuma.

Ninyi mliochelewa kujifunza kusoma mnalielewa jambo hili kuliko mtu mwingine. Ni wangapi kati yetu waliokuwa na babu aliyejua dawa, au mipaka ya shamba, au nasaba ya ukoo, akafa nayo kwa kuwa hakuna aliyeandika? Watawa wa Ceylon walikimbia hasara hiyo.

Lakini maandishi yana taabu yake. Mdomo wa mwalimu waweza kuulizwa, "Mwili gani huo, mzee?" Jani halijibu. Limeandikwa mwili mzima, basi. Na neno mwili katika Kipali, kama katika lugha nyingi, lina maana zaidi ya moja. Laweza kuwa mwili huu wa nyama na mifupa. Laweza pia kuwa mkusanyiko wa kitu cho chote, kama sisi tusemavyo kikosi au kundi.

Msumeno na mlinda mlango

Yapata karne ya 5 baada ya Kristo, mtaalamu mmoja aitwaye Buddhaghosa alikuja Ceylon kutoka India. Katika mji wa Anuradhapura ilikuwako nyumba kuu ya watawa yenye maelezo mengi ya zamani. Buddhaghosa akayasoma, akayapanga, akaandika kitabu kikubwa ambacho jina lake ni kama kusema Njia ya Utakaso. Kitabu hicho kimekuwa mwongozo wa Wabuddha wa Ceylon, Burma na Siam hata leo.

Buddhaghosa alilieleza neno letu hivi: mwili mzima maana yake ni mwili wa pumzi, yaani pumzi yenyewe tangu mwanzo wake, katikati yake, hata mwisho wake. Mtu akivuta, aijue pumzi inapoanza, inapopita na inapokwisha, asipitiwe na sehemu yo yote. Na mahali pa kuiangalia ni pamoja: kwenye ncha ya pua au juu ya mdomo, hewa inapogusa.

Walimu wa kale walitoa mifano mizuri kueleza jambo hili. Fikiri mtu apasuaye mbao kwa msumeno. Macho yake yanatazama mahali meno ya msumeno yanapogusa mti. Hayafuati meno yaendayo mbele wala yarudiyo nyuma. Lakini anajua kwamba yanakwenda na kurudi, na kazi inafanyika. Mfano wa pili ni mlinda mlango wa mji. Hana kazi na watu walio ndani wala walio nje. Anamwangalia yule tu anayefika mlangoni.

Maelezo haya yana busara. Moyo wa mtu hutangatanga kama mbuzi asiyefungwa. Ukiufunga penye kigingi kimoja, utatulia. Ukiuambia uangalie mwili wote, toka kichwa hata ukucha, huenda ukazurura. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 1,000 walimu wengi walifundisha hivyo: kaa, tazama pua.

Hata hivyo katika majani yale yale ya kale palikuwa na fundisho jingine. Buddha alisema mwili una vitu vinne: ardhi, maji, moto na upepo. Ardhi ni vilivyo vigumu, kama mifupa na meno. Maji ni vya majimaji, kama damu na jasho. Moto ni joto la mwili. Na upepo wa mwilini akautaja namna 6: upepo upandao juu, upepo ushukao chini, upepo wa tumboni, upepo wa matumboni, upepo upitao katika viungo, na pumzi iingiayo na itokayo. Kwa hesabu hiyo, pumzi ya puani ni ndugu mmoja tu katika ndugu sita. Unaona jinsi inavyofanana na yale mafungu 5 ya prana? Watu walikuwa majirani, nao walizungumza.

Basi maandiko yalikuwa na njia mbili ndani yake. Moja ilitengenezwa ikawa barabara kuu. Ya pili ilibaki kichochoro, ikingoja mtu wa kuipita.

Mwalimu wa msituni

Sasa twende Siam, nchi iitwayo leo Thailand. Mashariki ya nchi hiyo uko mkoa wa Ubon Ratchathani, nchi ya wakulima wa mpunga. Mwaka 1907 alizaliwa huko mtoto aliyekuja kuitwa Ajahn Lee. Ajahn si jina lake; ni neno la Kithai la heshima, maana yake Mwalimu.

Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, wala hakujipamba. Alifiwa na mama yake akiwa na miaka 11. Alianza shule akiwa na miaka 12, umri ambao watoto wengine wamekwisha kusoma miaka mingi. Akajua kusoma na kuandika, lakini mtihani wa shule ya chini ulimshinda. Akaacha shule akiwa na miaka 17, akili yake yote ikiwa katika kutafuta fedha. Nimelitaja hili kwa makusudi. Mtu aliyekuja kulisoma upya neno lililosomwa namna moja kwa miaka zaidi ya 1,000 alianguka mtihani wa shule ya chini.

Alipofika miaka 20 akaingia utawa. Hakuridhika. Aliona watawa wa vijijini wakiishi kama watu wengine, hawana tofauti ila nguo. Kisha akasikia habari za Ajahn Mun, mtawa aliyeishi kati ya mwaka 1870 na 1949, ambaye alikaa msituni, akala mara moja kwa siku, akalala chini ya miti penye chui na tembo, akitafakari. Ajahn Lee akamfuata huyo. Akafundishwa kutafakari kwa neno moja, buddho: akivuta pumzi aseme moyoni bud, akiitoa aseme dho. Baadaye akasafiri kwa miguu na kwa gari moshi sehemu nyingi za nchi yake, akafika Burma na India.

Wanafunzi wake wanasimulia habari hii. Mwaka mmoja aliingia ndani sana msituni kaskazini, mwendo wa siku tatu kwa miguu toka mahali pa watu. Masika yakaanza. Kwa sheria yao, mtawa hukaa mahali pamoja miezi 3 ya mvua. Na hapo ugonjwa wa moyo ukamshika kwa ghafula. Hapakuwa na daktari. Hapakuwa na dawa. Hakuweza kutembea. Alichokuwa nacho ni mwili unaouma na pumzi inayoingia na kutoka.

Mtu katika hali hiyo akiambiwa, "Tazama ncha ya pua," atajibu, "Pua yangu haiumwi." Ajahn Lee akaanza kuchunguza. Akivuta pumzi ndefu, kifua kinasema nini? Akivuta fupi? Akivuta ndefu na kutoa fupi, je? Akatambua kwamba kila pumzi inagusa mwili mzima kwa hisia nyepesi, kama wimbi dogo. Mahali pengine linapita, mahali pengine limezuiwa. Akajizoeza kulipitisha pole pole mahali palipokaza. Masika yalipokwisha, aliweza kutoka msituni kwa miguu yake.

Baadaye aliyaandika mafundisho yake katika kitabu kidogo kiitwacho Kuishika Pumzi Moyoni, kwa jinsi tunavyoweza kulitamka jina lake kwa Kiswahili. Humo anamwambia mtu hivi, nami nasema kwa maneno yangu: tafuta pumzi yenye raha. Usiilazimishe. Kisha ione kana kwamba inaingilia kisogoni, inashuka uti wa mgongo, inapita mapajani na miguuni, inatokea vidoleni. Tena ione inashuka mabegani hadi vidole vya mikono. Tena kooni, kifuani, tumboni. Mwisho ziunganishe pumzi zote hizo ziwe moja, mwili wote upumue pamoja. Kwa wale wanaohitaji kigingi, akataja mahali pa kuutuliza moyo: ncha ya pua, katikati ya kichwa, kaakaa, chini ya koo, ncha ya kidari, na juu kidogo ya kitovu.

Kwake yeye, basi, mwili mzima ulikuwa mwili huu wa nyama, na pumzi ilikuwa nguvu ienezwayo humo mwote. Hewa ya puani ni mlango wake tu. Hiyo ndiyo iitwayo nguvu ya pumzi.

Watawa wenzake hawakukubali wote. Wako waliosema kwamba hayo ni mambo ya prana ya Wahindi yaliyovishwa nguo ya kitawa, na kwamba kitabu cha Buddhaghosa kinasema vingine. Wafuasi wake walijibu kwa kuonyesha zile pepo 6 katika maandiko ya kale kuliko Buddhaghosa. Na katika nchi jirani ya Burma, mwalimu mwingine mkubwa, Mahasi Sayadaw, aliyeishi kati ya mwaka 1904 na 1982, alifuata njia ya tatu: aliwafundisha watu waangalie tumbo linavyoinuka na kushuka, akisema hiyo ni kazi ya upepo wa mwilini. Kama ulivyoona wewe mwenyewe mwanzoni mwa somo, ulipoweka kiganja tumboni.

Miaka ya 1950 Ajahn Lee alianzisha nyumba ya watawa iitwayo Wat Asokaram, katika mkoa wa Samut Prakan, karibu na pwani yenye mikoko. Watu wa kila aina walimwendea, wakulima na maofisa. Alikufa mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 54. Mwanafunzi wake Ajahn Fuang aliyaendeleza mafundisho, na Mmarekani mmoja aliyesoma kwa Ajahn Fuang, mtawa Thanissaro, akayatafsiri kwa Kiingereza. Leo iko nyumba ya watawa ya njia hiyo katika California, Marekani.

Je, ni kweli?

Najua mwanafunzi mmoja ameinua mkono anauliza: "Bwana Mwalimu, kweli hewa hufika vidoleni?"

Tulijibu vizuri. Hewa haifiki. Hewa huingia puani, hupita koo la hewa, huishia mapafuni, katika vifuko vidogo sana vyenye kuta nyembamba. Huko oksijeni inaingia katika damu, na damu ndiyo inayoipeleka mpaka vidoleni. Hakuna mrija unaopitisha hewa kutoka kisogoni kushuka mgongoni. Mtu akikuambia uko, mwulize ameuona wapi.

Lakini usiishie hapo. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kila mara, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo hushuka, na matumbo husukumwa. Ndiyo maana tumbo huinuka. Moyo huharakisha kidogo unapovuta pumzi, na hupunguza mwendo unapoitoa. Mtu akipumua pole pole, moyo na mishipa ya fahamu hutulia. Tena pumzi ina tabia ya peke yake: inakwenda yenyewe hata ukilala, na papo hapo waweza kuiongoza ukitaka. Huwezi kuliamrisha ini wala figo. Lakini pumzi hukutii, na kwa mkono wake waweza kuugusa mwili kwa ndani.

Kwa hiyo aliyoyasikia Ajahn Lee vidoleni hayakuwa hewa. Ilikuwa hisia. Nguvu ya pumzi ni jina la hisia hiyo, na hisia ni kitu cha kweli kwa mwenye kuisikia, ingawa haipimwi kwa mizani. Wafuasi wake wenyewe wanasema vivyo hivyo: hawazungumzi habari za hewa, wanazungumza habari za mwili unavyojisikia kwa ndani.

Na sasa onyo, nalo ni la lazima. Habari ya yule mtawa na moyo wake ni habari ya mtu asiyekuwa na daktari. Wewe ukisikia kifua kinauma, au pumzi inakatika, nenda hospitali siku ile ile. Usikae chini ya mwembe kungoja pumzi ikuponye. Kumbuka kwamba Ajahn Lee mwenyewe hakufika uzee. Wala usiizuie pumzi kwa nguvu; Gautama alikwisha kujaribu kwa niaba yetu, na tumesikia alichopata. Ukiona kizunguzungu, acha, upumue kama kawaida.

Tumepata nini?

Tumeona maneno mawili, mwili mzima, yakitoka kinywani mwa mtu mmoja, yakishikwa kwa moyo, yakiandikwa juu ya jani wakati wa njaa. Tumeona mtaalamu akiyasoma kwa msaada wa vitabu vyote vya zamani, akapata maana moja. Tumeona mtu wa elimu ndogo akiyasoma kwa msaada wa mwili wake mgonjwa, akapata maana nyingine. Mpaka leo wako watu wanaokaa wakitazama ncha ya pua, na wako wanaopumua hata vidoleni, na wote wanasema wanafuata maneno yale yale.

Siwaambii yupi aliye sawa. Lakini ninyi ambao juzi tu mlikuwa mkiunganisha ba, be, bi, jueni kwamba sasa mmeingia katika kazi ile ile. Kesho utaletewa barua ya deni, au hati ya shamba, au karatasi ya kutia sahihi, na humo litakuwamo neno lenye maana mbili. Yule ajuaye kutamka herufi atalisoma na kupita. Nakusihi usimame hapo. Uliza kama yule mwanafunzi wa zamani: mwili gani huo, mzee? Na kabla hujatia sahihi, vuta pumzi.

Maswali ya mazungumzo

1. Gautama alijifunza nini alipoizuia pumzi yake?
2. Kwa nini watawa wa Ceylon waliamua kuandika mafundisho yao? Je, katika ukoo wenu kuna habari zinazofaa kuandikwa upesi?
3. Eleza mfano wa msumeno kwa maneno yako mwenyewe.
4. Buddhaghosa na Ajahn Lee walilielewaje neno mwili mzima? Kila mmoja alikuwa na sababu gani?
5. Tafuta neno moja la Kiswahili lenye maana mbili. Litungie sentensi mbili, uziandike katika daftari lako.

Sentensi ya kunakili kwa mwandiko mzuri: Pumzi, pumua na pumzika ni maneno ya ukoo mmoja.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.